Jibu Utakalompa Nzioka

Mwende mama,

Nyinyi mko kanisani mnaombewa safari, na mimi nimebaki nikisema mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Nimebaki ili nikuandikie kabla hamjarudi, kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Wiki hii nimekuita nje mara tatu. Mara ya kwanza nikakuambia uchemshe maji ya kunywa. Mara ya pili nikakuambia usinunue simu kwa mtu anayetembea huku anaangalia nyuma. Mara ya tatu nilikuangalia tu, nikasema, "Haya, enda," na wewe ukaenda ukicheka. Hayo ya maji na simu mama yako atayarudia kesho ukiwa umeshabeba begi, na utamjibu ndiyo, ndiyo. Mimi nina jambo moja.

Unakwenda Kawangware kwa anko wako Nzioka, mdogo wangu, ukajifunze kutengeneza mapaa ya vigae. Unaujua mguu wake wa kushoto, anavyouburuta. Tangu utotoni umeambiwa kwamba aliteleza kwenye kigae kilicholowa, huko Ayany, akaanguka kutoka juu. Mimi mwenyewe nimekuambia hivyo zaidi ya mara moja, chakula kikiwa mdomoni.

Hakuteleza. Nilimsukuma kwa mikono yote miwili.

Sasa unajua. Ukitaka kuacha kusoma hapa, sina haki ya kukuzuia, lakini nakuomba uendelee, kwa sababu Nzioka naye ana neno lake katika jambo hili. Siku ile ulipokwenda kwake bila kuniaga, kumwomba akufundishe, jioni alinipigia simu. Nzioka hanipigii simu. Tukikutana ni kwenye matanga huko Kitui, na tunasalimiana kama watu waliowahi kusoma shule moja.

"Mtoi wako alikuja huku," akasema. "Amesimama kwa geti ya jirani, akaangalia paa, akaniambia kofia za vigae huko juu zimeachana pale kwa kona. Na ni ukweli. Ako na macho."

"Mchukue basi," nikamwambia.

"Nitamchukua. Lakini siku atakuja na begi nitamuuliza swali moja hapo kwa mlango. Nitamuuliza, niliangukaje? Akiniambia vile watu husema, nitampea chai, akimaliza arudi kwenu."

"Nzioka, hiyo maneno si iliisha?"

"Kwako iliisha. Mimi natembea nayo." Nikasikia watoto wake wakigombana nyuma yake. "Na siwezi fundisha mtu kazi ya juu kama hajui nini huangusha watu."

Akakata simu. Kwa hiyo umeona nilipofika. Nikinyamaza, utarudi hapa kesho jioni na begi lako, bila kazi, bila kujua kosa lako ni lipi. Nikisema, utaipata kazi na huenda mimi nikakupoteza. Nimekaa na hayo mawili usiku na mchana mpaka mama yako akaniuliza kama nimefukuzwa mjengo. Nimechagua kusema. Nina hofu, mwanangu, tena hofu nyingi, na bora uijue.

Babu yako wewe ulimkuta akiwa mzee mpole, wa kukukatia miwa na kukuita mke wake. Sisi tulimkuta akiwa na nguvu. Alikuwa anapiga mtu mpaka mkono wake mwenyewe uchoke, halafu anahamia mkono mwingine. Mwaka mmoja mbuzi waliingia kwenye kunde za jirani nikiwa nimelala chini ya mti badala ya kuchunga. Alinilaza kifudifudi mbele ya nyumba, akanichapa kwa fito mbichi. Nilishahesabu fimbo mpaka nikapotea, ndipo nikasikia uzito mgongoni. Nzioka alikuwa ametoka mbio jikoni akaja kulala juu yangu. Alikuwa mdogo hivi kwamba miguu yake iliishia magotini mwangu. Mzee hakusimama. Zilizobaki zote zilimwishia Nzioka, na hakupiga kelele kwa sababu alikuwa ameuma shati langu.

Nilipaswa kujifunza kitu siku ile. Nilichojifunza ni kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga, na kwamba nikiharibu, Nzioka atakuja. Ujinga huo nikaubeba mpaka Nairobi.

Hapa Kibera tulianza na mabati. Unajua kazi ya mabati ilivyo, umekua chini yake. Tone likikuangukia kichwani, tundu liko juu ya kichwa chako. Unapanda, unaona msumari umelegea, unapaka lami, unashuka. Tulikuwa tunaitwa kila mvua ikinyesha, mimi na Nzioka na kopo letu la lami, na tulikuwa na jina. Nilikuwa pia na jina lingine. Mtu akinipita kwenye foleni ya maji, nilimpiga kwanza, salamu baadaye. Nilimvunja meno mtu mmoja pale kwenye choo cha kulipia kwa sababu alisema Wakamba tunanuka makaa. Nilimtupia kinyozi kiti chake mwenyewe. Nzioka ndiye aliyekuwa anakwenda nyuma yangu kuomba msamaha. Alikuwa na sauti nzuri ya kuomba msamaha, watu walimpa chai.

Halafu ikaja kazi ya Ayany. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kijaluo aliyefiwa na mume, na mpaka leo wote tunamwita Mwalimu. Nyumba yake ina ghorofa, na juu ina paa la zamani la vigae vya udongo, na jakaranda mbili zimeliinamia. Alitupokea kwa ghadhabu tangu getini.

"Fundi, hii maji inaingia kwa kitanda yangu. Kitanda! Nimeweka karai, inajaa, namwaga, inajaa."

Nilipanda chumbani, nikaliona doa kwenye dari, duara la kahawia juu ya mto wake. Nikapima kutoka dirishani hadi kwenye doa, nikatoka nje, nikapanda paani, nikapima vilevile. Nikaikuta sehemu iliyo juu ya kitanda. Nikakoroga simiti. Nikaziba kila mwanya kati ya kigae na kigae, eneo kubwa la kutosha kitanda, kabati na Mwalimu mwenyewe.

Hilo ndilo kosa la mtu aliyetoka kwenye mabati, Mwende, na utawaona wengi wakilifanya. Paa la vigae halivuji hivyo. Maji yanaweza kuingia kule juu kabisa, yakateremka juu ya mbao chini kwa chini, yakakunja kona, yakatembea mpaka yakachoka, ndipo yakadondoka juu ya kitanda cha mtu. Na ile mianya midogo kati ya vigae imewekwa kwa makusudi, maji yaliyopita chini yapate kutoka. Ukiiziba umeyafungia ndani.

Nzioka aliliona. Alikuwa amesimama upande wa pili, pale miteremko miwili ya paa inapokutana, pakawa kama mfereji. Hapo panaitwa bonde, na chini ya vigae vyake kuna bati limelazwa la kupeleka maji. Bonde lote lilikuwa limejaa majani ya jakaranda.

"Bro, hebu tufungue hapa kwa bonde kwanza," akasema. "Nadhani shida ni hii."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamjibu kwa Kiswahili cha darasani, nikacheka, nikaendelea kupaka. Mimi nilikuwa mkubwa. Yeye alikuwa mtu wa kubeba ndoo. Ndivyo nilivyoona.

Mvua ilikuja usiku wa tatu. Asubuhi Mwalimu akatuita, na tulipofika alikuwa uani na kipande cha dari mkononi. Dari lote la juu ya kitanda lilikuwa limeanguka. Kama asingekuwa ameamka kwenda msalani lingemwangukia usoni.

"Mimi niliomba mafundi," akapiga kelele, na majirani wakatoka kwenye milango yao, "nikaletewa wapishi wa chapati! Nani alipaka hii uji huko juu? Nani?"

Mimi nilikuwa tayari na jibu. Nilitaka kumwambia nyumba yake ni nzee, mbao zake zimeoza, jakaranda zake zikatwe. Nzioka akanitangulia.

"Mwalimu, pole sana. Ni sisi tulikosea. Simiti ndio imefungia maji ndani. Tutaitoa yote leo."

Alisema "sisi," Mwende. Hakusema "yeye." Miaka imepita ndipo nikalisikia neno hilo vizuri. Siku ile masikio yangu yalisikia jina langu likitangazwa mbele ya mtaa mzima na mtoto aliyekuwa ananibebea ndoo. Damu ilinipanda mpaka nikaona uani pale pamekuwa peupe.

Tulipanda. Wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Ngong na upepo ulikuwa umeanza. Akachukua patasi na nyundo, akapiga magoti juu ya kazi yangu, akaanza kuibandua. Kila pigo la nyundo nililisikia kwenye meno.

"Wacha," nikamwambia.

"Mvua inakuja, bro."

"Nimesema wacha kazi yangu."

"Si kazi hii," akasema, wala hakugeuka. Alisema polepole, kwa upole wake ule wa kuomba msamaha, na upole ndio uliniwasha. Nikamshika shingoni kwa nyuma nikamvuta. Akasimama. Nikampiga ngumi ya mdomo. Vigae viwili vikavunjika chini yetu. Nikampiga nyingine, sikioni, nikaona damu ikimtoka puani ikadondoka kwenye shati. Alikuwa na nyundo mkononi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu mimi nalijua kila siku. Alikuwa na nyundo ya kilo nzima mkononi, na nilikuwa nimesimama mbele yake bila kitu. Akainama, akailaza nyundo juu ya kigae, taratibu, isiteleze. Akainuka na mikono mitupu.

"Mutua," akasema. "Tuko juu."

Basi. Hayo ndiyo aliyosema. Na mimi, badala ya kusikia tuko juu, nilimwona yule mtoto wa jikoni akija tena kujifanya mwema kuliko mimi. Nikaweka viganja viwili kifuani mwake, nikasukuma kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Alikwenda kwa mgongo. Alijaribu kushika, na vigae vikachomoka vikaja naye, kimoja, kingine, kisha safu nzima, vikipasuka. Aliniangalia muda wote huo. Halafu akafika ukingoni, akaondoka machoni. Chini ya ukingo ule kuna jukwaa la saruji la kufulia nguo. Sauti iliyotoka huko sitakuandikia. Nimeisikia mara nyingine moja tu, mtu alipovunja muwa mkavu gotini karibu yangu, na nilitapika.

Niliposhuka, paja lake lilikuwa limekunjika mahali ambapo paja halikunjiki. Mfupa ulikuwa nje. Damu ilikuwa inaingia kwenye mfereji wa maji ya kufulia pamoja na povu la sabuni. Vigae vilikuwa vimemkata mikono yote. Mwalimu alikuwa anapiga mayowe, mlinzi wa geti akaja mbio, majirani wakajaa uani. Mmoja wao akaniangalia mimi, akaangalia damu iliyokuwa kwenye ngumi yangu.

"Huyu amesukumwa?" akauliza.

Hapa ndipo pabaya kuliko pote. Watu wote wanaojua habari hii, na ni wachache, wanadhani Nzioka ndiye aliyetunga uongo ili kuniokoa. Sivyo. Nilisema mimi. Kabla ndugu yangu hajafungua mdomo, akiwa hapo chini na mfupa wake nje, mimi nilipaza sauti: "Ameteleza! Kigae kilikuwa kimelowa, ameteleza!"

Watu wakamgeukia. Nzioka akaniangalia. Mdomo wake ulikuwa umevimba kwa ngumi yangu. Akasema, "Nimeteleza."

Alilala juu yangu mara ya pili, mama. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba, na Nzioka alilijua hilo kuliko mimi. Angesema neno moja tu, ningetoka Ayany nimefungwa pingu, au nisingetoka kabisa, maana wale majirani walikuwa wameshaokota mawe. Ungezaliwa baba yako akiwa jela ya Industrial Area. Kila siku ya shule niliyokushika mkono kuvuka reli, nililipiwa na mtu mwingine kwa mguu wake.

Tuling'oa mlango wa stoo ya Mwalimu, tukamlaza juu yake, tukambeba. Walimtia vyuma hospitalini. Mguu uliunga ukiwa mfupi. Alipotoka hakurudi chumbani kwetu. Alikwenda Kawangware kwa watu wa kanisa lake, akiwa na mkongojo, na sikumfuata kumwuliza kama amekula.

Lakini asubuhi, siku moja tu baada ya kumsukuma, nilirudi Ayany peke yangu. Usifikiri ni wema. Mwalimu alisema nisiporudi ataita polisi kwa sababu ya paa, na mimi nikaogopa polisi kwa sababu nyingine. Nikapanda. Nyundo ilikuwa bado pale alipoilaza. Nikaenda moja kwa moja kwenye bonde, nikaondoa majani kwa mikono, yalikuwa yameoza yakawa udongo mweusi. Nikainua vigae vya pembeni. Chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu, na katikati palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Mbao zilikuwa nyeusi kuanzia hapo, na weusi uliteremka moja kwa moja kuelekea chumbani, mpaka juu ya kitanda. Kama alivyosema. Sentensi moja aliyoisema akiwa na ndoo mkononi.

Nililia nikapiga simiti yangu kwa ngumi. Sikutumia nyundo. Niliona nyundo ni yake. Nikapiga mpaka ikabanduka na vidole vikavunjika. Hivi vidole vyangu viwili vilivyopinda, uliwahi kuniuliza nikakuambia nilifungiwa na mlango wa lori. Huo nao ulikuwa uongo. Inaelekea kila kitu kilichopinda katika nyumba hii nilikitafutia hadithi.

Kisha nikavifunga vidole kwa kitambaa, nikalitengeneza paa. Nilifanya kila kitu ambacho Nzioka angefanya. Nilitoa mbao mbovu, nikalaza bati jipya kwenye bonde, nikarudisha vigae kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikimlalia mwenzake, nikaunganisha kofia za kileleni upya. Simiti niliitumia kwenye kofia tu. Paa lile halijavuja tena mpaka leo. Mwalimu akanitaja kwa marafiki zake, marafiki wakaniita, na mimi nikawa fundi wa vigae wa Ayany, mtu anayeaminika. Wakinisifu nasema asante. Sijawahi kumwambia hata mmoja wao kwamba macho yalikuwa ya mtu mwingine.

Mama yako nilimwambia mwaka jana. Alikuwa anapakua githeri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo. Akanirushia sufuria, na githeri ndani. Ile siku uliyotukuta tunaosha ukuta tukakuambia sufuria imeteleza, basi hata sufuria ya nyumba hii huwa inateleza. Siku ya pili akaenda kununua ile leso iliyoandikwa Hasira Hasara, akaitundika mlangoni iwe pazia. Nikitoka inanipiga usoni, nikiingia inanipiga usoni. Ndivyo alivyotaka. Akaniambia, "Mtoto utamwambia wewe. Mimi sitabeba hii ya kwako."

Sasa niseme la kwako wewe.

Umekuwa na hasira nami tangu ukiwa na miaka kumi na sita, na una haki, ila sababu unayoijua siyo. Unakumbuka nilikupandisha paa lile la nyumba ya kona, hukohuko Ayany. Ulikuwa umenisumbua mwaka mzima. Nilikuonyesha jinsi ya kukanyaga, mguu uwe kwenye ncha ya chini ya kigae, pale kinapokalia mwenzake na mbao iko chini yake, usikanyage katikati. Ukapanda kama paka. Nilifurahi, nikaanza kujisifu moyoni. Halafu ukageuka kuniambia kitu, ukakanyaga katikati, vikavunjika vitatu, na ule mlio wa vigae ukaniingia. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimekushika kola kwa nyuma.

Ukasema, "Dadi, usinisukume."

Wewe ulisema tu. Ulikuwa mtoto aliyeogopa kuanguka. Lakini mimi niliuona mkono wangu shingoni mwako, mahali palepale nilipomshika Nzioka, na ulikuwa umekaza. Mwende, ulikuwa umekaza. Sijui ungefanya nini. Watu huniambia nimebadilika, na kweli sijampiga mtu tangu Ayany, lakini mkono ule haukuwa umebadilika. Nikakuachia, nikakushusha ngazi, nikakuambia kazi hii si ya wasichana, na usinifuate tena.

Kazi hii ni ya wasichana. Ni ya mtu yeyote mwenye macho, na wewe unayo kuliko mimi. Nilikuambia vile kwa sababu sikuweza kukuambia kwamba niliyemwogopa juu ya paa ni mimi. Umetembea na neno lile miaka minne ukidhani baba yako anakudharau, umelia kwa sababu yake, umegombana na walimu wa ufundi kwa sababu yake. Ulipata doa mbali na mahali tundu lilipo. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, usilazimishe.

Una hasira yangu. Nimeiona. Nilikuona ulivyomkunja yule kijana wa caretaker aliyekugusa kwenye ngazi, na kusema kweli nilifurahi, maana alistahili. Lakini niliuona mkono wako baada ya yeye kuanguka chini, ulivyokuwa unataka kuendelea. Sina dawa ya hilo. Leso ya mama yako si dawa. Ninachoweza kukupa ni kile nilichokiona: mtu aliyepigwa mara mbili, mwenye nyundo, akainama akailaza chini polepole isiteleze. Nilidhani ni woga. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu kuliko yule, na nilimsukuma. Unakwenda kuishi naye. Mwangalie mikono yake anavyofanya kazi.

Siku hizi hapandi. Anasimama chini na fimbo, anawaonyesha vijana wake kigae cha kuinua, na hakosei. Ndani ya begi lako, chini kabisa, nimeweka nyundo yake. Nimekaa nayo miaka yote hii, nimeipaka mafuta, sikuwahi kuitumia. Mpe. Asipoitaka, usiirudishe huku.

Kesho asubuhi nitakuwa nimekaa nje kwenye kile kibao karibu na tangi. Sitakwenda kazini na sitajificha. Ukitoka ukaniamkia, nitaitikia. Ukinipita, nitajua umesoma, na sitakuita, sitainuka, sitamtuma mama yako. Njia ni yako. Ukikaa mwezi bila kunipigia simu nitaelewa, ukikaa mwaka nitaelewa pia, ingawa nitaumia.

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na yeye ndiye aliyetupaka majivu mgongoni siku ya kunde, mimi na Nzioka tukiwa tumelala mkeka mmoja. Alipomaliza akasema mdogo wangu amenipa deni ambalo sitalimaliza. Sikumwelewa.

Nasikia nyimbo za mwisho huko kanisani, kwa hiyo nimalize.

Ukifika Kawangware utamkuta amesimama mlangoni, kwa sababu kukaa na kuinuka kunamsumbua. Hatakwambia ingia. Atakuuliza lile swali lake mbele ya watoto wake na vijana wake wa kazi. Usiangalie chini, na usinitetee. Mwambie, "Anko, hukuteleza. Baba alikusukuma." Sema kwa sauti. Miaka yote hii hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza.

Baba yako,
Mutua